Kushikiza Mabomba kwenye Kuta za Matangi ya Chuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na wachoraji, mafundi wa kuchomelea na wasimamizi wa maghala ya mafuta, na mara nyingi huja bomba likiwa limeshanunuliwa na tangi limeshasimama. Ili tusiongee hewani, mfano wetu utakuwa mmoja tangu mwanzo. Ni tangi la dizeli la kipenyo cha m 30 na kimo cha m 14.4, la aina unazoziona ukipita Kurasini au Kigamboni, Dar es Salaam, au Kipevu, Mombasa. Ukuta wake ni safu sita za mabamba ya chuma cha A36, kila safu m 2.4, na hesabu zimefuata API 650, kanuni ya Marekani ya kujenga matangi ya chuma ya kuhifadhia mafuta. Safu ya chini ina unene wa mm 13, ya pili mm 11, na ya juu kabisa mm 6. Bomba letu ni la povu la kuzimia moto, inchi 6, linapanda kwa nje kutoka chini hadi karibu na paa.

Tangi limebeba mamilioni ya lita. Litashindwaje na kibomba cha inchi 6?

Hili ndilo swali la kwanza kila mara, na linaulizwa kwa kicheko kidogo. Jibu ni kwamba tangi halibebi mafuta kama meza inavyobeba sahani. Mafuta yanasukuma ukuta sawasawa pande zote, na ukuta unajibu kwa kuvutika kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo. Kwa kazi hiyo bamba la mm 13 linatosha kabisa. Ukija sasa na mzigo wa mahali pamoja unaovuta au kusukuma ukuta kwa kidole kimoja, unaliomba bamba lifanye kazi ambayo halikuumbiwa.

Pima mwenyewe. Nusukipenyo ni mm 15,000 na unene wa safu ya juu ni mm 6, kwa hiyo uwiano ni 2,500. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye nusukipenyo cha mm 60: kwa uwiano huohuo, ukuta wake ungekuwa na unene wa mm 0.024, yaani unakaribia foili ya kufungia chakula jikoni. Sasa fikiria umebandika mkono wa chuma kwenye foili hiyo, kisha ukatundika kitu.

Ukuta unasogea kiasi gani?

Zaidi ya wengi wanavyodhani. Siku ya jaribio la maji, tangi letu likijaa mpaka juu, mkazo kwenye safu ya chini unafika kama MPa 158. Zidisha kwa nusukipenyo, gawanya kwa ugumu wa chuma, MPa 200,000, unapata karibu mm 12. Ukuta unatoka nje mm 12 kila upande.

Hautoki sawasawa, na hapo ndipo penye shughuli. Sakafu inaushika ukuta chini kabisa, kwa hiyo pale ukuta hauendi popote. Ndani ya mita moja hivi kutoka sakafuni unakuwa umeshatoka karibu wote. Kati ya pointi hizo mbili ukuta unapinda na kuinama, na chochote ulichochomelea hapo kinainama nacho. Ukienda juu zaidi, mabamba yanapungua unene kadiri shinikizo linavyopungua, hivyo mkazo unabaki karibu uleule na ukuta unaendelea kutoka kwa milimita zinazokaribiana. Ni safu za juu tu, zile zilizowekewa mm 6 kwa sababu kanuni hairuhusu chini ya hapo kwa tangi la ukubwa huu, zinazotulia.

Jua nalo lina sehemu yake. Ukuta ukipata joto la nyuzi 20 zaidi, nusukipenyo kinaongezeka mm 3.6.

Kwa hiyo ukichora mshikizo, jiulize maswali mawili badala ya moja: utabeba uzito gani, na utauachia ukuta nafasi gani ya kupumua?

Uzito wa bomba ubebwe wapi?

Mahali pamoja tu. Bomba la inchi 6 la skedyuli 40 (daraja la unene wa ukuta wa bomba) lina kilo 28.3 kwa mita, na maji ndani yake yanaongeza kilo 18.6. Tuseme kilo 47 kwa mita. Kwa m 14, ukiweka na flanji, ni kama kilo 700, yaani kilonyutoni 7. Ni kweli bomba la povu hukaa tupu mwaka mzima, lakini siku ya majaribio na siku ya moto litajaa, na siku hizo mbili ndizo zinazohesabika.

Kuna wanaoning'iniza bomba juu, karibu na paa, kwa sababu mchoro unapendeza. Huko ndiko bamba lilipo jembamba kuliko pote. Mkazo wa kukunja bamba unakwenda na mraba wa unene, kwa hiyo mzigo uleule kwenye mm 6 unaleta mkazo zaidi ya mara tatu ya ule wa mm 11.

Kuna wanaolisimamisha bomba juu ya nguzo iliyoko ardhini pembeni mwa tangi. Hii inaonekana salama, na kwa tangi lililojengwa juu ya mwamba inaweza kuwa hivyo. Kwa udongo wa pwani, tangi linashuka likijazwa kwa mara ya kwanza, na nguzo yako ndogo haishuki nalo. Bomba limefungwa ukutani, miguu iko juu ya zege: ukuta unashuka, bomba linakataa. Nani ataumia? Braketi za juu, yaani mikono ya chuma inayoshika bomba, kwenye bamba la mm 6.

Mimi naweka braketi ya kubeba uzito kwenye safu ya pili. Iko juu ya eneo la chini linaloinama, bamba bado ni nene, na bomba linashuka pamoja na tangi. Juu yake zinafuata miongozo tu, isiyobeba kitu. Kwa mfano wetu: braketi ya uzito m 3.6 kutoka chini, mwongozo wa kwanza m 8.4, wa pili m 13.2. Namba hizo sikuziokota. Ni katikati ya safu ya pili, ya nne na ya sita, mbali na mishono ya mlalo. Nafasi ya m 4.8 kati yake ni ya kawaida kwa bomba la inchi 6.

Kile kipande cha bomba kinachotoka kwenye tangi kwenda kwenye mtandao wa ardhini kipe urefu wa mlalo na kona kabla ya nguzo ya kwanza, kiweze kujikunja kidogo tangi linaposhuka.

Braketi yenyewe iwe na umbo gani?

Ndefu kwenda juu, fupi kwenda nje. Kilo 700 zikiwa mm 300 kutoka ukutani zinaleta momenti, yaani nguvu ya kupindua, ya kilonyutoni-mita 2.1. Kama braketi ina kimo cha mm 300, ncha ya juu inavuta ukuta kwa kilonyutoni 7 na ya chini inasukuma kwa kiasi hichohicho. Ifanye iwe na kimo cha mm 600, mvuto unashuka hadi 3.5. Umetumia vipande viwili vya bamba zaidi, labda kilo nane za chuma, na umepunguza mzigo kwa nusu. Hakuna dawa nyingine kwenye kazi hii iliyo rahisi hivyo.

Kabla ya kufupisha mkono, angalia bomba litapita wapi: kuna mkanda wa kuzuia upepo unaotokeza, kuna ngazi, na kwa matangi ya mafuta mazito kuna koti la kuhifadhi joto. Nimewahi kuona mchoro safi kabisa ambao bomba lake lilipita katikati ya mkanda wa upepo, na hakuna aliyegundua mpaka kreni ilipolinyanyua.

Yuboliti ikazwe au iachwe?

Yuboliti ni boliti yenye umbo la U inayokumbatia bomba. Kwenye braketi ya uzito, bomba hukaa kwenye kiatu chake na kufungwa. Kwenye miongozo, yuboliti iachiwe mwanya wa mm 2 au 3, na nati ziwe mbili mbili ili zisilegee. Mwongozo kazi yake ni kuzuia bomba lisiyumbe, siyo kulikaba. Bomba la mafuta mazito linalopitisha kitu cha moto, nyuzi 50 juu ya ukuta, linarefuka mm 8 kwa m 14. Ukilikaba kila mahali, milimita hizo nane zitatafuta pa kutokea.

Pedi ni lazima?

Pedi ni bamba linalochomelewa ukutani kwanza, kisha braketi ikachomelewa juu yake. Kwa kitu chepesi, kama kishikizo cha waya wa ardhi, hapana. Kwa bomba, kwangu mimi ni lazima, hata pale hesabu zinaporuhusu kutoiweka. Pedi inasambaza mzigo, na pia inakuwa kafara: miaka kumi baadaye mtu atakata braketi kwa gesi, na afadhali aharibu pedi kuliko ukuta.

Iwe ya chuma cha kundi moja na ukuta, unene kama wa ukuta au unaokaribia, itokeze angalau mm 50 kuzunguka braketi, na kona zake zote ziwe za mviringo wa mm 50. Kona kali ndipo nyufa zinapoanzia. Ikunjwe kufuata ukuta kabla haijafika kazini. Pedi bapa iliyobandikwa kwa nguvu ya nyundo inaacha mwanya katikati. Mshono wa kuizunguka uwe mfululizo, bila kuruka, la sivyo maji ya mvua yatapita nyuma yake na kutu itakula huko bila kuonekana. Kwa mabamba yenye unene zaidi ya mm 5, API 650 inataka mshono wa pembeni usiopungua theluthi ya unene wa bamba jembamba, na kamwe usiwe chini ya mm 5.

Halafu kuna tundu la mm 6, ambalo mafundi wengi hulisahau au kuliona ni mapambo. Simama karibu na fundi anayefunga mshono wa pedi isiyo na tundu. Anazunguka vizuri, anabakiza sentimita mbili za mwisho, na pale chuma kilichoyeyuka kinaanza kutoa mapovu na kumrukia usoni. Anabadilisha fimbo, anapunguza umeme, anajaribu tena, bado. Hewa iliyofungiwa nyuma ya pedi imepata moto, inatafuta njia, na njia iliyobaki ni ule mshono. Anachofanya wengi ni kusiliba hivyohivyo kisha kupitisha grinda juu. Toboa tundu kwanza, upande wa chini wa pedi, na tatizo halipo. Kazi ikiisha lizibe kwa grisi, si kwa kuchomelea.

Nikae umbali gani kutoka kwenye mishono ya tangi?

API 650 inataka mshono wa kishikizo cha kudumu uwe angalau mm 150 kutoka mshono wa wima wa ukuta na mm 75 kutoka wa mlalo. Wima unapewa nafasi kubwa kwa sababu ndio unaobeba mvutano wote wa kuzunguka tangi. Kishikizo kirefu kisichoweza kukwepa kinaruhusiwa kuvuka mshono, ila kiuvuke mfululizo, kwa pembe isiyopungua nyuzi 45. Kishikizo kinachoishia juu ya mshono ndicho kibaya. Kama pedi itafunika mshono, sawazisha mshono kwa grinda na uukague kwanza, maana hutauona tena.

Kwa vitendo, chukua mchoro wa ukuta uliokunjuliwa, ule unaoonyesha mabamba yote kama ukuta wa matofali. Mishono ya wima imepishanishwa safu kwa safu, kwa hiyo mstari wa bomba unaopita vizuri safu ya pili unaweza kukanyaga mshono kwenye safu ya nne. Kusogeza bomba nusu mita kwenye karatasi ni dakika mbili.

Na kuna mahali pa kutogusa kabisa: mabamba ya mlango wa kusafishia ulio sawa na sakafu, ambayo yalipikwa kwenye tanuru baada ya kuchomelewa ili kutoa mikazo iliyobaki. Ukichomelea hapo baadaye, umefuta kazi ya tanuru.

Naweza kutumia WRC 107 kukokotoa mkazo wa ukuta?

Programu nyingi za mabomba zinakupa kitufe chake, na kitufe kitakupa jibu. Shida ni kwamba mbinu hiyo ya mwaka 1965, pamoja na mrithi wake WRC 537, ilitengenezwa kwa vyombo vya shinikizo, ambavyo uwiano wa nusukipenyo kwa unene uko kwenye makumi na mamia. Sisi tuko kwenye maelfu. Namba itakayotoka ina desimali tatu na haina maana.

Kiambatisho P cha API 650 kinashughulikia mizigo ya mabomba kwenye nozeli za chini (midomo ya ukutani ya kuunganishia mabomba), kwa kawaida kwa matangi yanayozidi m 36. Kinafaa sana kwa kujua ukuta utatoka na kuinama kiasi gani, lakini hakikuandikiwa braketi. Kwa braketi ndogo, hesabu ya mkono inayochukulia ukanda wa ukuta wa 0.78 mara kipeuo cha pili cha zao la nusukipenyo na unene, kila upande wa mzigo, inatosha kuanzia; kwa safu yetu ya juu hiyo ni mm 234. Kwa mzigo mkubwa, tengeneza modeli ya kompyuta ya elementi ndogondogo, na uweke mafuta ndani ya modeli. Nimekagua modeli nzuri sana za matangi matupu.

Bomba likivuka kutoka ukutani kwenda kwenye paa?

Hapa naomba usome mara mbili. Matangi mengi yenye paa la koni yamejengwa ili mshono wa paa na ukuta uwe dhaifu makusudi. Ndani kukilipuka, paa linafunguka kama kifuniko cha sufuria, na ukuta na sakafu vinabaki na mafuta yake. Ukifunga bomba kwa ukuta na paa kwa pamoja, umeushona mshono uliotakiwa kufumuka, na mlipuko utatafuta pengine, labda chini. Bomba linaloenda juu ya paa liwe na sehemu inayoweza kuachia. Vilevile majukwaa na vizuizi vya mikono.

Pete ya maji ya kupoza tangi nayo inafungwa hivyohivyo?

Hapana. Pete, yaani bomba la mviringo linalozunguka tangi, hapa ina mzunguko wa zaidi ya m 94. Mchana ukuta una joto, pampu inawashwa, na maji yanalipoza bomba ndani ya dakika. Tofauti ya nyuzi 20 ni mm 23 za mzunguko. Igawe vipande, viwili au vinne, na kila kipande kikae kwenye vishikizo vinavyoteleza, kimoja tu kikiwa kimefungwa.

Tangi ni la zamani na linafanya kazi. Naweza kuongeza braketi?

Pima unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti kwanza, na uhesabu kwa unene uliopo leo, siyo ule wa kwenye mchoro. Kisha jiulize kama hakuna njia ya kufunga kwa boliti kwenye kishikizo kilichopo. Moto ukutani pa tangi la mafuta ni kibali, kipimo cha gesi, na mtu aliyesimama na kizimamoto, siyo saini peke yake. Tangi lililotolewa mafuta halijawa salama: mvuke umebaki kwenye tope la chini, chini ya sakafu iliyotoboka, na nyuma ya pedi za zamani zisizo na tundu. API 653, kanuni ya kukagua na kukarabati matangi yanayotumika, inapozungumzia kutoboa tangi likiwa na mafuta, inataka mafuta yawe angalau m 0.9 juu ya mahali pa kazi, maana palipo na mafuta upande wa pili hapana mvuke na hewa, na mafuta yanapoza bamba. Hii haigeuzi kuchomelea tangi lililojaa kuwa kazi ya kila fundi.

Jambo la pili ni rangi ya ndani. Kwenye ghala moja niliingia ndani ya tangi la mafuta ya ndege lililopakwa epoksi nyeupe kote. Kwa mkono wa kushoto, kimo cha bega, kulikuwa na madoa sita ya kahawia yaliyopangana kama vifungo vya shati. Tulitoka nje, tukahesabu: vishikizo sita vya kebo, vilivyochomelewa baada ya rangi kukauka, bila hata mtu kuuliza. Kila nukta ya moto nje ilikuwa imechoma epoksi ndani. Vishikizo vilikuwa vya dakika ishirini. Kusafisha tangi, kusugua na kupaka upya kulichukua wiki tatu.

Ndiyo maana vishikizo vyote vya ukutani, hata vya mabomba ambayo hayajaamuliwa, vichomelewe kabla ya jaribio la maji na kabla ya rangi.

Na tetemeko la ardhi?

Tangi lisilofungwa kwa boliti za msingi linaweza kunyanyuka upande mmoja. Kiambatisho E cha API 650 kinataka mabomba yaweze kuvumilia kunyanyuka kwa mm 25, au mm 100 kwa tangi lililo karibu na kikomo chake. Bomba letu limefungwa ukutani, kwa hiyo litapanda na tangi. Kinachopasuka ni ile kona ya kwenda ardhini. Rudi kwenye urefu wa mlalo niliousema.

Chumvi ya baharini inaathiri nini hasa?

Pale chuma kinapogusa chuma. Yuboliti ikisugua bomba, rangi inaondoka, chumvi inaingia, na bomba linaliwa kwa mstari mwembamba mahali ambapo jicho halifiki. Weka kipande cha plastiki ngumu kati yake, au chomelea kiatu kwenye bomba ili kusuguana kuwe huko. Usitengeneze braketi yenye mfuko unaoshika maji. Kama haiepukiki, toboa tundu la kutolea. Ukitumia chuma kisichoshika kutu kwa bomba, pedi ya ukutani ibaki ya chuma cha kawaida.

Braketi imeshakaa. Fundi umeme anaomba kupitisha trei yake ya kebo juu yake, nimruhusu?

Muulize trei ina uzito gani na itatokeza kiasi gani. Kama hajui, hapana. Kama anajua, mpe namba zake mtu aliyehesabu braketi, na aandike jibu kwenye mchoro, siyo kwenye simu.